Machozi Yaliyopigiwa Kura

Wiki ya kufungua shule, soko la Makambako halina adabu. Wazazi wamekuwa na likizo nzima ya kununua sweta, lakini wote huwa wanakumbuka siku ile ile ya mwisho, mvua ikinyesha, na kila mmoja anaapa kwamba yeye ndiye aliyetangulia. Letisia Mligo alikuwa nyuma ya mashine yake ya kufumia, amevaa gauni la kitenge cha bluu na kizibao cha sufu alichojifumia mwenyewe, rasta zake ndefu amezifunga nyuma. Mkono mmoja ulivuta mashine, mwingine ulipokea wateja, na mdomo ulijibu watu wanne kwa pamoja.

Ndipo akatokea kijana mrefu mwenye koti la kahawia, mkoba mweusi ameukumbatia kifuani usiloe. Hakusukumana na mtu. Alisimama pembeni akilowa yeye badala ya mkoba, mpaka Letisia akamwonea huruma, akamwita kabla ya zamu yake. Akina mama wakaguna.

"Kamwene, fundi," kijana alisema. "Naomba sweta moja la rangi ya damu ya mzee."

"La mtoto wa umri gani?"

"Kuanzia miaka kumi na miwili mpaka kumi na saba."

Letisia akasimamisha mashine. "Mtoto mmoja huyo?"

"Watoto mia na arobaini."

Ikabidi ajieleze. Aliitwa Aron Mwalongo, alikuwa na studio ya picha Njombe mjini, mtaa wa Ramadhani, na miezi hii alikuwa anazunguka shuleni kupiga picha za pasipoti za darasa la saba. Walimu wanataka kila mtoto aonekane na sweta. Nusu ya watoto hawana. Basi yeye hutembea na sweta lake moja, mtoto analivaa, anapigwa, analivua, anampa mwenzake. La zamani lilikuwa limechoka shingoni.

"Kwa hiyo wilaya nzima imevaa sweta moja," Letisia alisema.

"Ndiyo. Na wote wamependeza."

Hata wale akina mama waliokuwa wamenuna wakacheka. Letisia alimwambia arudi Jumamosi. Alirudi Ijumaa. Sweta halikuwa tayari, naye akasema hana haraka, akakaa kwenye kigoda mpaka jioni akimsaidia kukunja nyuzi, kazi aliyoifanya vibaya kuliko mtu yeyote aliyewahi kuigusa.

Mapenzi yakaingia kwa mlango huo. Kila Jumamosi Aron alipanda Koasta asubuhi kutoka Njombe, na siku nyingine zote alipiga simu. Saa nne alitaka kujua kama amekunywa chai. Saa saba alitaka kujua amekula nini.

"Viazi," Letisia alimjibu.

"Jana viazi, leo viazi. Nikikuoa nitakubadilishia."

"Utanipa nini?"

"Viazi vya Njombe."

Letisia alikata simu akicheka peke yake kama mwehu, na Jenifa, muuza mabeseni wa kibanda cha pili, mama mtu mzima asiyeficha neno, akamwambia kwamba mwanamke anayecheka na simu iliyozimwa ameshakwisha.

Kitu kimoja tu Letisia alimkatalia Aron: kupigwa picha. Aron alimwomba kwa upole, akamwomba kwa utani, akamwomba kwa kununa. Letisia alisema hapendi, basi. Aron alikuwa mpiga picha asiye na picha hata moja ya mchumba wake, na rafiki zake walimcheka wakisema labda huyo mchumba hayupo.

Na jambo moja Letisia alimficha. Mwezi wa nne, wakiwa wanakunywa chai ya maziwa kwenye mgahawa ulio karibu na stendi, Aron alimuuliza moja kwa moja, bila nia mbaya, kama ana mtoto.

"Sina," Letisia alijibu.

Ulikuwa ni ukweli na ulikuwa ni uongo. Miaka mitatu nyuma alikuwa naye. Aliitwa Fidelis, alikuwa na miaka minne, na walikuwa wakiishi kijijini karibu na Uwemba kwa baba mkubwa wa Letisia, mzee Laurenti, kwa kuwa baba wa mtoto alikwenda kwenye kazi za mbao akasahau njia ya kurudi. Siku moja Fidelis aliamka na homa. Letisia hakuwa na hela ya hospitali, akamwacha mtoto kwa shangazi, akabeba viazi kwenda mnadani. Aliporudi mchana na hela mkononi, alikuta watu wamejaa uani. Baada ya mazishi maneno yakaanza: huyo ndiye aliyefuata viazi akaacha mtoto. Hakuna aliyemwambia usoni, lakini kisimani walikuwa wakinyamaza akifika. Akaondoka. Makambako ni njia panda, watu wanapita, hakuna anayemuuliza mwenzake ametoka wapi. Hapo alikuwa fundi Leti, basi, na aliamini kwamba siku Aron atakapojua, atamtazama kwa macho yale ya kisimani. Alikuwa tayari kuvumilia mengi duniani, si macho hayo kutoka kwa Aron.

Mwezi wa saba Aron alimpigia simu akiwa na furaha mpaka maneno yanagongana. Ukurasa mmoja wa wapiga picha mtandaoni ulikuwa na shindano, *Sura Zetu*, picha za nyuso tu, na watu wanapiga kura kwa simu, nyota moja mpaka kumi. Mshindi angepata kamera mpya na mafunzo ya miezi mitatu Dar es Salaam. Kamera ya Aron ilikuwa imeota ukungu ndani ya lenzi, na maharusi walikuwa wameshaanza kumkimbia.

"Picha yangu ina kura zaidi ya elfu moja, mpenzi," alisema. "Lakini kuna jambo linanishinda. Wanaotoa kumi wanatoa kumi. Wanaotoa moja wanatoa moja. Katikati hakuna mtu. Sijawahi kuona. Hebu iangalie wewe mwenye jicho la fundi, halafu unipe haki yangu. Usinipendelee."

Ilikuwa Jumanne, saa tano asubuhi, jua limetoka na soko limetulia. Letisia alifuta mikono kwenye kitenge, akafungua alichotumiwa.

Picha ilipanda polepole, kuanzia juu. Kwanza ukungu na miti. Kisha kanga nyeusi iliyoteremshwa mpaka kwenye nyusi. Kisha uso wa mwanamke aliyenyolewa, amekonda, macho ameyafumba kwa nguvu, mdomo wazi, mikono ya watu wengine imemkamata mabega. Begani kulikuwa na kisweta kidogo cha manjano cha mtoto.

Letisia alikijua kisweta hicho. Alikifuma yeye.

Alikuwa ni yeye mwenyewe, siku ya kumzika Fidelis.

Hakupiga kelele. Aliitazama sura yake asiyowahi kuiona, maana nani anajiona akilia namna hiyo? Halafu akaona zile nyota chini ya uso wake, zimepangwa, zinasubiri kidole. Kidole kikaenda chenyewe. Akatoa moja.

Akaanza kusoma maoni. Mungu ndiye anayejua kwa nini mtu akishachomwa huendelea kushika moto. Mmoja aliandika kwamba amelia ofisini na bosi wake amemwona, kumi. Mwingine akasema machozi haya ni ya kupangwa, mwigizaji amelipwa, moja. Mwingine akauliza mpiga picha alikuwa na moyo gani kushika kamera badala ya kumshika mama wa watu. Mwalimu mmoja wa Makete alisema hii ndiyo picha, nyingine zote ni vipodozi. Na mwanamke asiyeweka jina lake aliandika: *Natoa moja. Picha si mbaya. Nimezika mwezi wa tano na nilikuwa nimeanza kupata usingizi.*

Hapo Letisia aliweka simu chini.

Jenifa alisogea, akachungulia bila kuombwa. "Ah, hii. Hata mimi nimeletewa kwenye kundi la kwaya. Nimempa moja huyo mpiga picha."

"Kwa nini?"

"Nikimpa kumi nitakuwa kama nimefurahia. Mtu analia hivyo, mimi nimgawie maksi?" Jenifa alimtazama mwenzake, akaitazama picha, akamtazama tena mwenzake. Hakumtambua. "Mbona umepauka, Leti? Umekunywa chai?"

Simu ikaita. Alikuwa Aron. Letisia aliipokea kwa sababu asingeweza kutoipokea.

"Umeiona?"

"Nimeiona. Huyu ni nani?"

"Jina lake sijui. Mama mmoja wa kule Uwemba, alifiwa na mtoto. Niliitwa kupiga picha za msiba, basi nilipoinua kamera, mwanga ukawa umetoka kidogo kwenye ukungu, ukamwangukia..."

Akaendelea kusema habari za mwanga. Letisia alimsikiliza mtu anayempenda akieleza jinsi jua lilivyopendeza juu ya siku ile, kisha akakata simu. Akafunga namba yake isiingie tena.

Siku mbili alizunguka na swali moja. Ama Aron alijua tangu mwanzo, akaja sokoni kwa makusudi kumtafuta mwanamke wa picha yake, na yale mapenzi yote, simu zote, viazi vyote vilikuwa vya kumlainisha. Ama hakujua, na hapo ndipo palipomchoma zaidi, maana ni mpiga picha wa namna gani anayeishi miezi sita na uso asiutambue? Akachagua lile la kwanza, kwa sababu hasira inabebeka kuliko huzuni.

Alhamisi mchana Jenifa alikuja kibandani mwake na simu mkononi, mwendo wa mtu aliyebeba habari. Ile picha sasa imepata mwenyewe, alisema. Kuna mtu kaandika.

*Huyo mama tunamfahamu huku kwetu. Alimwacha mtoto na homa akaenda mnadani kuuza viazi. Sasa analilia nini?*

Chini yake watu walikuwa wameshaanza. Waliotoa kumi walitaka kumi zao zirudi. Waliotoa moja walisema si tuliwaambia. Mmoja alikuwa anauliza jina lake, na mwingine aliahidi kulileta.

Letisia aliufunga mlango wa kibanda saa nane mchana, siku ya soko, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alivaa koti lake jeusi refu, akajitanda mtandio, akapanda Koasta ya Njombe. Alikuwa anakwenda kumwambia Aron aiondoe picha ile kabla jina halijatajwa, na kumwambia pia kwamba yeye na yeye basi. Maneno yote alikuwa ameyapanga kichwani.

Mashamba ya miti yalipoanza, alifungua simu tena aone kama jina limeshatajwa. Halikutajwa. Lakini chini ya yale maneno ya viazi kulikuwa na jibu, na jibu lilikuwa la Aron.

*Mimi ndiye niliyepiga picha hii. Nilikuwepo. Watu wanne walimshikilia mama huyu asiingie kaburini na mwanawe, na walikaribia kushindwa. Kama ulikuwepo na hilo hukuliona, usiseme unamfahamu.*

Alilisoma mara nyingi mpaka Koasta inaingia mjini. Yale maneno aliyoyapanga yakamchanganyikia. Huyu aliyeandika hivi hakuwa anamtetea mchumba wake. Alikuwa anamtetea mtu asiyemjua. Basi kweli hakujua.

Njombe ilikuwa na baridi ya kukata masikio, watu wamejikunyata kwenye makoti, moshi wa mahindi ya kuchoma umetanda barabarani. Studio ilikuwa chumba kimoja chenye pazia la maporomoko ya maji yaliyochorwa, taa mbili za mwavuli, na kompyuta kwenye kona. Aron alikuwa ndani na suruali ya jinzi na sweta la kijivu, macho mekundu ya mtu asiyelala. Alipomwona, aliinuka haraka mpaka kiti kikaanguka.

"Leti. Nimekupigia siku tatu. Nimekukosea nini?"

"Nitazame."

Alimtazama, kwa wasiwasi na kwa upendo, na hiyo ilizidi kumuumiza Letisia.

"Nitazame vizuri. Nitoe rasta. Ninyoe. Nikondeshe."

Aliushusha mtandio mpaka kwenye nyusi, akaukaza chini ya kidevu, akafumba macho. Alisikia Aron akigeuka kwenye kompyuta ambako ile picha ilikuwa wazi, kisha akimgeukia yeye, kisha kompyuta tena. Halafu akasikia kigoda cha kukalisha watoto kikilia kwa uzito wa mtu mzima.

"Mungu wangu," Aron alisema kwa sauti ndogo. "Mungu wangu, Leti."

"Yule aliyekuwa kwenye jeneza aliitwa Fidelis."

Akamwambia yote. Homa, viazi, mnada, hela mkononi, watu uani. Alisema kwa haraka, amesimama, kama mtu anayetua mzigo kabla mgongo haujavunjika. Aron hakumkatiza.

"Mimi niliomba ruhusa," alisema mwishowe. "Shindano linadai ruhusa. Nilimpigia mzee Laurenti, yeye ndiye aliyenipa kazi ile. Nikamwambia ni ile picha ya mama wa mtoto. Akasema tumia tu, baba, hakuna neno. Nilidhani nimemaliza. Si ndiye msemaji wa familia?"

"Msemaji wa familia ni msemaji wa chakula na turubai, Aron. Ni wa kutangaza jeneza litatoka saa ngapi. Machozi yangu yalimtuma lini?"

Kila mtu nyanda hizi anajua kwamba mfiwa haongei. Mfiwa anakaa chini, anasemewa. Anasemewa shukrani, anasemewa ratiba, anasemewa hata maji ya kunywa. Aron alikuwa amepiga misiba zaidi ya mia na haikuwahi kumpitia akilini kwamba siku moja mfiwa hunyanyuka, akawa mtu anayeweza kuulizwa.

"Na mimi uliniambia huna mtoto," alisema, na sauti yake sasa ilikuwa imeumia.

"Nilikwambia sina. Ninaye wapi?"

Aron alifunika uso kwa viganja. Nje mtu aligonga akitaka picha za pasipoti, akaambiwa arudi kesho.

"Waliotoa moja nilikuwa nawaona wana roho mbaya," alisema ndani ya viganja vyake. "Nilikuwa nawatukana moyoni."

"Mimi ni mmoja wao. Siku ile ya Jumanne." Letisia alifungua mlango, baridi ikaingia. "Na ingekuwa ni mama mwingine, Aron, ningekupa kumi. Ningelia hapo hapo kwenye mashine yangu, halafu ningekupa kumi. Ndiyo maana katikati hakuna mtu. Hao wa kumi na hao wa moja wamepigwa pale pale. Wengine wakipigwa wanashukuru, wengine wanarudisha."

Akaondoka. Alikuwa amesahau kumwambia aiondoe picha, na alikuwa amesahau kumwambia kwamba basi. Alikumbuka yote mawili akiwa tayari amefika Makambako.

Ijumaa asubuhi picha haikuwepo. Mahali pake palikuwa na mstari mmoja: imeondolewa na mpigaji. Kura zilikuwa zinafungwa Jumapili, na wengi walisema angeshinda, kwa kuwa waamuzi walishatangaza kwamba picha inayogombanisha watu ndiyo wanayoitaka. Waliotoa kumi wakamwita mwoga. Waliotoa moja wakashangilia ushindi. Jina la Letisia halikutajwa, na baada ya siku tatu watu wakahamia kwenye ugomvi mwingine.

Aron hakupiga simu. Letisia alikuwa ameshaifungulia namba yake, na kila simu ilipoita aliirukia, ikawa ni mteja anataka kola. Mtu mmoja tu wa maana aliyepiga ni baba mkubwa Laurenti. Aron alikuwa amekwenda kwake, mzee alisema, akamweleza kosa lao wote wawili. Mzee alizungukazunguka sana, kama wazee wanavyofanya wakitaka kuomba radhi kwa mtoto waliyemlea. Mwishowe alisema kwamba siku ile walimsemea kila kitu, hata hilo la picha walidhani wamemsemea, amsamehe. Letisia alishangaa. Tangu azaliwe hakuwahi kumsikia mzee huyo akiomba radhi kwa mtu.

Jumatano ya wiki iliyofuata, saa tisa alasiri, akiwa amemaliza mkono wa sweta, aliinua macho akamwona Aron amesimama kule kule pembeni. Hakuwa na mkoba. Alikuwa na bahasha ya kaki na alikuwa ameishika kwa mikono miwili.

"Nina picha," alisema. "Sijui kama unataka kuiona. Ukisema hapana naondoka nayo, na sitauliza tena."

"Ya nani?"

"Ya Fidelis. Akiwa hai."

Letisia hakuwa na picha ya mwanawe hata moja. Simu iliyokuwa na picha zake ilizama kwenye beseni la maji siku ya msiba ikafa, na shangazi zake walichoma nguo na fremu, wakisema mama akiendelea kutazama ataugua. Hilo hakuwahi kumwambia mtu, hata siku ile ya studio.

Aron alieleza haraka, akiogopa kufukuzwa. Msiba wowote, kazi ya kwanza ya mpiga picha ni kuikuza picha ya marehemu, ile inayobebwa mbele ya jeneza pamoja na msalaba. Mtu wa nyumbani huituma kutoka kwenye simu yake. Yeye hafuti kitu, huweka kwa tarehe. Baada ya Letisia kuondoka, alikwenda kwenye tarehe ile, na mtoto alikuwa hapo.

Letisia aliipokea bahasha, akaifungua.

Fidelis alikuwa amekaa juu ya gunia la viazi, buti moja mguuni, mguu mwingine mtupu, amevaa kile kisweta cha manjano, anacheka na mtu aliyeshika simu. Sikio lake la kushoto lilikuwa limechomoza. Jamani, lile sikio. Letisia alikuwa amelisahau. Miaka mitatu alikuwa anamlilia mtoto ambaye sikio lake alikuwa ameshaanza kulipoteza, na hakujua.

Alilia, lakini si kilio kile cha picha. Halafu akacheka, kwa sababu alikumbuka lile buti jingine lilikuwa wapi: mtoto alikuwa amelifanya kitanda cha kuku. Akamwambia Aron habari za kuku. Akamwambia jinsi mtoto alivyokataa kuitwa Fide, akitaka Fidelis, jina zima. Akamwambia alivyokuwa akiimba misani kwa sauti ya juu kuliko wanakwaya. Aron alikaa kwenye kigoda, akauliza maswali madogo madogo, kuku alikuwa wa rangi gani, wimbo ulikuwa upi, na Jenifa, aliyekuja kuazima mkasi, alisimama mlangoni akasikiliza, akaelewa yote, akajifuta macho kwa kanga, akaondoka bila mkasi na bila neno. Huo nao ulikuwa mshtuko, maana Jenifa na kunyamaza hawajawahi kukutana.

Soko likaanza kufungwa. Aron alisimama, akajinyoosha koti, akasafisha koo.

"Leti, mimi bado nakutaka. Nakutaka wewe na yeye. Sijali maneno ya viazi ya mtu yeyote. Jumapili nataka nimtume mshenga Uwemba, akaongee na mzee Laurenti. Najua mimi Mlutheri, ninyi Wakatoliki, lakini mzee akikubali..."

Akaona uso wa Letisia umebadilika, akanyamaza.

"Aron."

"Naam."

"Unakwenda kumuuliza nani?"

Aron alifungua mdomo. Kisha likamwingia, na Letisia aliliona likimwingia, taratibu, mpaka kijana wa watu akawa kama amemwagiwa maji ya baridi. Wiki moja tu ilikuwa imepita. Alikuwa ameondoa picha, amepoteza kamera, amekwenda mpaka kwa mzee kukiri kosa, na sasa alikuwa amesimama mbele yake akilifanya kosa lile lile, kwa moyo safi kabisa.

Akavua kofia.

"Letisia Mligo," alisema. "Nakuuliza wewe. Utakubali nikuoe?"

Letisia alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alipelekwa shule akatolewa shule, alinyolewa, alisemewa, alipigiwa kura na watu elfu moja, na hakuna hata siku moja ambayo mtu alisimama mbele yake na swali linalohusu maisha yake, akanyamaza kungoja jibu. Alishtuka kuona jinsi lilivyo tamu. Akamwacha Aron angoje kidogo.

"Nakubali," alisema. "Sasa mtume huyo mshenga. Akifika kwa baba mkubwa asimwombe. Amwambie nimekubali."